Tiba mpya za kisukari: mwongozo kamili kwa mgonjwa wa Kigoma na Tabora

Kila baada ya siku chache mtu wa Ujiji au Mwanga, mjini Kigoma, ananitumia video ya kisukari. Moja inaonyesha kijana mwenye kidude cheupe mkononi, anasoma sukari yake kwenye simu bila kujitoboa kidole. Nyingine inasifu sindano ya mara moja kwa wiki. Ya tatu inasema China wameshapata tiba ya kuponya kabisa. Halafu huyohuyo aliyenitumia anakwenda kliniki hospitali ya Maweni, au Kitete kama yuko Tabora, anarudi na vidonge vya metformini na glibenklamidi na tarehe ya mwezi ujao, na anajiona dunia imemwacha.

Mengi anayoyaona ni ya kweli. Ila kila kipya kina mgonjwa wake. Kifaa kinachomwokoa mtoto anayejidunga insulini mara nne kwa siku kinaweza kuwa hela ya kutupa kwa mzee anayemeza kidonge kimoja. Na baadhi ya mapya yenye faida kubwa kwetu hayana betri wala kioo cha kugusa, ndiyo maana hayatengenezewi video.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiruka mbili za mwanzo, zilizobaki zitakuwa za kubahatisha. Mimi si daktari. Namtunza mama mwenye kisukari, na nimekalia mabenchi ya kliniki kiasi cha kutosha. Kwa hiyo dozi usiibadilishe kwa sababu ya maandishi haya. Yatumie kuingia chumba cha daktari ukiwa na maswali yanayostahili kujibiwa.

Hatua ya 1: Hakikisha aina ya kisukari chako

Aina ya kwanza ni pale mwili unapoacha kutengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Aina ya pili insulini ipo, lakini haitoshi au mwili hauitikii. Tumezoea kuambiwa kwamba ya kwanza ni ya mtoto mwembamba na ya pili ni ya mtu mzima mwenye kitambi. Huku vijijini utakutana na mtu mzima mkondefu, mkulima wa muhogo asiyejua unene ni nini, na sukari yake ni 18 (kwa mmol/L, kipimo tulichokizoea).

Wataalamu wenyewe wameanza kulitazama upya jambo hili. Utafiti uliochapishwa 2025 kuhusu vijana wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza ulikuta kwamba karibu theluthi mbili hawakuwa na zile kingamwili zinazoutambulisha ugonjwa huo. Aprili mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya tano, inayohusishwa na utapiamlo wa muda mrefu.

Kwako maana yake ni hii. Ukiwa mwembamba na unazidi kukonda, usikimbilie dawa za kupunguza uzito hata kama jirani zimemfaa. Mwambie daktari waziwazi: "Shikamoo daktari, mimi sijawahi kuwa mnene na kilo zinazidi kupungua. Inawezekana mwili wangu hautengenezi insulini ya kutosha?" Kuna kipimo cha damu kinachoitwa C-peptidi kinachoonyesha kama kongosho bado linafanya kazi. Mara nyingi utahitaji rufaa ili ukipate. Wakati unasubiri, kama umeandikiwa insulini, endelea nayo. Hakuna matokeo ya utafiti yanayomruhusu mtu kuiacha ghafla.

Kwa watoto nasisitiza zaidi. Mtoto mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa kitandani ilhali alishaacha, anayekonda, kisha anaanza kutapika na kuhema kwa kasi, huku kwetu wa kwanza kushukiwa ni malaria. Kipimo cha malaria kinatoboa kidole. Omba kidole hichohicho kipimwe na sukari. Usiruhusu mtu akuambie msubiri hadi kesho. Mtoto huyo anaweza kufa kwa tindikali inayojaa kwenye damu ndani ya siku chache. Akishatambuliwa, ulizia mpango wa insulini ya bure kwa watoto: Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mpango wa Changing Diabetes in Children, na Chama cha Kisukari Tanzania kinajua kliniki zinazohusika.

Hatua ya 2: Kusanya namba zinazosema kitu

Wengi wetu tunapima asubuhi tu kabla ya kula, tunaandika 7.5, tunalala na amani. Sukari ya saa mbili baada ya ugali inaweza kuwa 15 kila siku na daftari lisijue.

Kama stripi za kupimia sukari ni chache, usizitawanye mwezi mzima. Zitumie kwa jozi: pima kabla ya mlo, pima tena saa mbili baada ya kuanza kula, mlo uleule kwa siku mbili tatu. Mwezi ujao chagua mlo mwingine. Kwa watu wazima wengi, kabla ya kula namba inatakiwa kuwa kati ya 4 na 7, na saa mbili baadaye chini ya 10. Wazee sana na wajawazito wana malengo tofauti, waulize wahudumu wao. Ikiwa mashine yako inatoa namba kubwa kama 126 au 180, inatumia kipimo kingine, mg/dL. Gawanya kwa 18 upate namba tuliyoizoea.

Jozi hizi zitakufundisha chakula kuliko karatasi yoyote ya mlo. Mtu wa Tabora apime kabla na baada ya matobolwa, ashangae mwenyewe: ni viazi vitamu vilivyokauka, sukari yote imebaki ndani, na kiganja kimoja kinaisha kabla hujahisi umekula. Asali ya Tabora nayo ina sifa zake zote, lakini kijiko kimoja cha mezani kina takriban gramu 17 za wanga, nyingi zikiwa sukari inayoingia kwenye damu haraka. Anayekuambia asali haipandishi sukari, mpe mashine apime. Ugali wa muhogo unapandisha pia. Kinachosaidia ni kuupunguza na kuongeza maharage, mboga, na migebuka au dagaa. Mawese hayapandishi sukari moja kwa moja, ila yanaongeza unene ukiyamwaga kama tulivyozoea.

Nawa mikono kwa maji kabla ya kutoboa. Msimu wa maembe nimeona mashine ikisoma 20 kwa mtu mwenye 8, kisa utomvu wa embe kwenye kidole. Kopo la stripi lifungwe mara tu baada ya kutoa moja, kwa sababu unyevu unaziharibu.

Kisha kuna HbA1c, ambacho kliniki wengi wanakiita kipimo cha miezi mitatu. Kinaonyesha wastani wa sukari kwa muda huo: 7% ni sawa na wastani wa takriban 8.6, na 10% ni takriban 13.4. Lengo la watu wazima wengi ni chini ya 7%.

Hapa pana jambo ambalo linatuhusu sana sisi wa magharibi na Kanda ya Ziwa, na ni mara chache kulisikia likisemwa. HbA1c inasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban miezi mitatu hadi minne. Chochote kinachozifanya zife mapema kinashusha jibu bila sukari kushuka. Selimundu kinafanya hivyo. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ulioenea katika maeneo yenye malaria, unafanya hivyo. Malaria kali iliyovunja damu, kutokwa damu nyingi, na kuongezewa damu vinaharibu jibu pia. Hata mtu aliyebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu, mwenye afya njema, anaweza kupata jibu lililo chini kidogo ya ukweli. Upungufu wa madini chuma unaweza kulipandisha.

Kwa hiyo ukipewa HbA1c ya 6.4% huku daftari lako limejaa 13 na 14, usishangilie. Mwonyeshe daktari vyote viwili, na useme kama kwenu kuna selimundu au kama umeongezewa damu karibuni. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaongezewa dawa au utaachwa ulivyo mwaka mzima.

Hatua ya 3: Pitieni vidonge kimoja kimoja

Metformini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1957 na bado ni dawa ya kuanzia kwa wengi wenye aina ya pili. Ukiharisha, mwambie daktari kabla hujaiacha. Kuimeza na chakula na kupandisha dozi polepole husaidia. Anayeimeza apimwe figo.

Glibenklamidi ndiyo ya kuulizia. Inasukuma kongosho litoe insulini iwe umekula au hujala, na athari yake hudumu muda mrefu, kwa hiyo inaweza kumshusha mzee sukari usiku akiwa amelala. Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kwa watu wenye umri unaozidi miaka 60, na linapendekeza gliklazidi katika kundi hilohilo la dawa. Ikiwa bibi au babu anaimeza na anaamka na jasho, kichwa kizito au maneno yasiyoeleweka, nenda naye kliniki na uulize: "Je, gliklazidi haimfai zaidi?" Swali hili ni la bei ndogo kuliko vifaa vyote nitakavyovitaja, na kwa maoni yangu linaokoa watu wengi zaidi.

Sasa mapya. Kundi la kwanza ni vidonge vinavyoitwa SGLT2: empagliflozini, ambayo maboksi mengine yameandikwa Jardiance, na dapagliflozini, ambayo mengine yameandikwa Forxiga. Vinaifanya figo itoe sukari kwenye mkojo badala ya kuirudisha mwilini. Kilichovipa heshima ni moyo na figo. Utafiti mkubwa wa 2015 ulionyesha kwamba kwa watu wenye aina ya pili waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa, empagliflozini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa 38%. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kampuni nyingi sasa zinavitengeneza kwa majina ya kawaida, na hilo linashusha bei. Kwa mtu wa aina ya pili mwenye moyo uliochoka au protini kwenye mkojo (dalili ya figo kuumia), kati ya yote mapya, hivi ndivyo ningeanza kuviulizia.

Ukivianza, mambo manne. Kunywa maji ya kutosha, hasa Tabora mwezi wa tisa na wa kumi jua linapowaka. Jisafishe na ujikaushe vizuri sehemu za siri, maana mkojo wenye sukari unaleta fangasi. Ukitapika, ukishindwa kula, au ukipangiwa upasuaji, waulize wahudumu kuhusu kuvisimamisha, kwa sababu vinaweza kuleta ile tindikali ya damu hata sukari ikiwa haijapanda sana. Na ukipimwa mkojo zahanati yoyote, sukari itaonekana kwa alama nyingi. Sema mapema unameza nini, wasije wakakuongezea dawa bure.

Kundi la pili ni sindano za GLP-1. Semaglutidi, inayouzwa kwa jina la Ozempic, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2017. Tirzepatidi, yaani Mounjaro, inayofanya kazi kwa njia mbili, ilifuata 2022. Unajidunga mara moja kwa wiki. Zinapunguza njaa, zinachelewesha chakula tumboni, zinashusha sukari na uzito. Utafiti wa 2024 kwa watu wenye aina ya pili na figo zilizoanza kuharibika ulionyesha kwamba semaglutidi ilipunguza madhara makubwa ya figo, pamoja na vifo vya moyo na mishipa, kwa 24%. Septemba 2025 dawa za kundi hili nazo ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu duniani, kwa watu wa aina ya pili wenye unene pamoja na ugonjwa wa moyo au figo.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho ujue kama ni wewe. Kama ni wewe na mfuko unaruhusu miezi mingi, zungumza na daktari bingwa. Kuzinunua mwezi mmoja na kuacha hakuna maana, uzito na sukari hurudi. Pima macho kabla ya kuanza, kwa sababu sukari ikishuka ghafla macho yaliyokwisha kuathirika yanaweza kuzidi kwa muda. Semaglutidi huanza na 0.25 mg kwa wiki nne za mwanzo, na anayekurusha moja kwa moja kwenye dozi kubwa anakutafutia kutapika.

Usinunue sindano hizi, ambazo huja kama kalamu, kwa mtu wa Instagram wala kwa abiria wa basi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyogunduliwa katika nchi kadhaa. Nunua famasia iliyosajiliwa, angalia namba ya toleo na tarehe, na ukiwa na shaka wasiliana na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kalamu ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji. Kama muuzaji anaitoa kwenye droo, ondoka.

Kwa ndugu zangu wa Ujiji wanaofunga Ramadhani: wanaomeza glibenklamidi au kujidunga insulini wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, dozi na saa zipangwe upya. Kupima sukari kwa kutoboa kidole hakuvunji funga. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, mwongozo wa kitabibu ni kufungua.

Hatua ya 4: Insulini, joto na friji ambayo hatuna

Insulini ambayo haijaanza kutumika inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa inakaa nje wiki nne hivi, na maboksi mengi yanasema isizidi nyuzi 25 au 30. Watu wa vijijini Uvinza au Urambo wakisoma hivyo wanakata tamaa.

Hapa ndipo lipo mojawapo ya yale mapya yasiyo na betri. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walifuatilia joto ndani ya nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Kenya, wakarudia joto hilohilo maabara. Matokeo yalichapishwa 2021: insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu karibu sawa na iliyokaa kwenye friji. Kwa mkoa kama Kigoma, wenye kambi ya Nyarugusu na vijiji vingi visivyo na umeme, habari hiyo ni kubwa. Haimaanishi uiweke juani. Inamaanisha mtu asiye na friji hanyimwi insulini, na halazimiki kutembea kila siku hadi zahanati kuchomwa.

Namna ya kuitunza nyumbani:

1. Tafuta vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine. Jaza mchanga safi kati yao.
2. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, uwe na unyevu bila kuelea.
3. Weka insulini ndani ya kopo au mfuko usiopitisha maji, kisha ndani ya chungu cha ndani. Funika kwa kitambaa kilicholowa.
4. Weka chungu kivulini penye upepo, mbali na jiko na mbali na watoto.
5. Andika kwenye boksi tarehe uliyofungua chupa. Wiki nne zikipita, itupe hata kama imebaki.

Chungu kinapoza kwa maji kukauka, kwa hiyo kinafanya kazi vizuri kiangazi cha Tabora kuliko masika ya Kigoma hewa ikiwa imejaa unyevu. Masika usitarajie ubaridi mwingi. Badala yake nunua chupa moja moja, zilizobaki ziache kliniki au kwa jirani mwenye friji.

Kosa lililo kinyume chake ni barafu. Mtu anasafiri kutoka Kigoma na samaki kwenye boksi la barafu, anaichomeka insulini humohumo akidhani anaisaidia. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Isiguse barafu.

Kabla ya kujidunga, itazame. Ya maji maangavu, kama Actrapid, ikiwa na ukungu au chembe, usitumie. Ya maziwa, kama Insulatard au Mixtard, izungushe polepole kati ya viganja mpaka ilingane. Ikibaki na mabonge, usitumie. Hakikisha bomba la sindano limeandikwa U-100 kama chupa imeandikwa uniti 100 kwa mililita. Badilisha sehemu ya kudunga kila mara, kwa sababu ukirudia palepale panaota uvimbe na insulini haiingii vizuri.

Sukari ikishuka chini ya 4, au ukitetemeka, ukatoka jasho na huna mashine, chukua gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, nusu chupa ya soda ya kawaida, au kijiko kimoja cha mezani cha asali, na hapa asali ya Tabora inapata kazi yake halali. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ikishapanda, kula chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani jioni na kurudi alfajiri yuko kwenye hatari ya peke yake: anavuta nyavu usiku kucha na insulini ya jioni iko mwilini. Daktari ajue kazi yako kabla ya kukupangia saa. Na wenzako ndani ya mtumbwi wajue sukari yako iko mfuko gani.

Kuhusu insulini ya mara moja kwa wiki: ipo, inaitwa icodec, na Ulaya waliiidhinisha 2024. Marekani mwaka huohuo walikataa kuipitisha kwa wakati ule, na kwa watu wa aina ya kwanza kuna wasiwasi wa sukari kushuka. Kama uko kwenye Mixtard na inakushusha usiku, cha kuulizia leo ni insulini za muda mrefu kama glajini, ambazo ziliingia orodha ya dawa muhimu 2021.

Hatua ya 5: Kihisi cha sukari, kwa mahesabu

Kile kidude cheupe ni kihisi. Kinabandikwa nyuma ya mkono, uzi mwembamba unaingia chini ya ngozi, na kinapima sukari kwenye majimaji yaliyo kati ya seli. FreeStyle Libre ya kwanza iliingia soko la Ulaya 2014 na hukaa siku 14; Dexcom G7 ya kwanza hukaa siku 10. Faida yake ni kuona sukari inaelekea wapi, hasa usiku. Lengo kwa wengi ni angalau 70% ya muda kuwa kati ya 3.9 na 10.

Nani akiweke mbele? Anayejidunga insulini mara nyingi kwa siku, anayeshuka sukari bila kuhisi dalili, mtoto, na mjamzito anayetumia insulini. Mwingine yeyote, ushauri wangu ni kukivaa mara moja tu kwa wiki mbili kama uchunguzi: kula kama kawaida, andika kila mlo na saa, kisha peleka mchoro kliniki. Wiki hizo mbili zitakuonyesha yale ambayo daftari la mwaka mzima lilificha, kisha unarudi kwenye stripi bila deni.

Kabla ya kulipa, jaribu kupakua programu yake kwenye simu yako ukiwa hapahapa nchini, na hakikisha simu inakubali. Vihisi havipendi joto la ndani ya gari. Namba yake inachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, kwa hiyo mwili ukisema umeshuka na kihisi kinasema uko sawa, uamini mwili na utoboe kidole. Vitamini C ya dozi kubwa inaweza kukidanganya Libre ionyeshe namba ya juu kuliko ilivyo.

Pampu za insulini zinazojiongoza kwa kushirikiana na kihisi zimekuwepo tangu Marekani ilipoidhinisha ya kwanza 2016. Ni vifaa vya ajabu. Ila vinadai mirija, vihisi na fundi kila mwezi, na ikikwama Kibondo usiku hakuna wa kumpigia. Kwa sasa ningeweka hela hiyo kwenye stripi na insulini bora.

Hatua ya 6: Miguu, figo, macho

Kipimo cha ganzi hakihitaji kifaa. Fumba macho, ndugu yako aguse kwa ncha ya kidole, taratibu, sekunde moja au mbili, kidole gumba cha mguu, cha katikati na kidogo kabisa, miguu yote miwili. Usipohisi viwili au zaidi kati ya sita, una ganzi: usitembee peku, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, usiote moto kwa nyayo, na mwonyeshe mhudumu kila kidonda siku hiyohiyo.

Kila mwaka omba mkojo upimwe protini na damu ipimwe figo. Presha iwe chini ya 130/80 kwa wengi. Waliopita miaka 40 waulize kuhusu atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli. Macho yapimwe kwa kupanuliwa mboni au kwa kamera. Tangu 2018 zipo kamera ambazo programu yake inasoma picha yenyewe, lakini daktari wa macho wa kawaida anatosha kabisa.

Hatua ya 7: Kuponya

Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa seli za kongosho zilizooteshwa maabara, zinazoitwa zimislecel. Kati ya wagonjwa 12 wa aina ya kwanza waliopewa dozi kamili, 10 hawakuhitaji insulini tena baada ya mwaka mmoja. Ni jambo kubwa. Lakini wanameza dawa za kushusha kinga ya mwili, na tiba hiyo ilikuwa bado ya utafiti. Atakayekuuzia "seli" au unga wa kuponya kisukari hapa Tabora, kumbuka kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu wa Loliondo mwaka 2011 na watu walioacha dawa zao.

Kwa aina ya pili, kukirudisha nyuma kunawezekana kwa baadhi. Utafiti wa Uingereza wa 2017, uliowahusisha watu wenye uzito mkubwa ambao kisukari chao hakikuwa kimezidi miaka sita, ulipunguza chakula kwa ukali chini ya uangalizi, na 46% waliweza kukaa bila dawa na sukari yao ikiwa chini ya kiwango cha kisukari baada ya mwaka. Kama una sifa hizo, mwambie daktari unataka kujaribu, ili vidonge vipunguzwe kadiri unavyopungua. Kama ni mwembamba, hii si yako.

Hatua ya 8: Safari ya rufaa

Mengi niliyoyataja yatakupeleka hospitali ya Bugando huko Mwanza, au Muhimbili. Kabla ya kuondoka, uliza bima yako inalipia nini hasa kati ya vipimo na dawa ulizoandikiwa, uandikiwe kwa karatasi. Beba daftari la sukari, maboksi matupu ya dawa zote pamoja na za kienyeji, na majibu ya HbA1c yenye tarehe. Insulini isiingie kwenye buti la basi wala chini ya kiti kilicho juu ya injini. Chukua dawa za siku maradufu ya ulizopanga, kwa sababu treni huchelewa na daktari bingwa husema "rudi Jumatatu". Nusu zikae kwako na nusu kwa anayekusindikiza, na sukari iwe kwenye mfuko wa nguo uliyovaa, hata kama ipo nyingine kwenye begi.